Mwalimu akipata masta, mshahara upande?

SWALI: Shikamoo Mtaalamu. Nafundisha Hisabati sekondari ya serikali wilayani Misungwi. Nina digrii ya ualimu na huu ni mwaka wa nane kazini. Nimepata nafasi ya kusoma masta ya uongozi na mipango ya elimu hapa Mwanza, vipindi vya wikiendi. Mume wangu anasema ni kutupa hela kwa sababu mshahara hautapanda. Walimu wenzangu wanasema serikali inapaswa kumlipa zaidi kila mwalimu mwenye masta. Nani yuko sahihi? Na mimi nisome au niache?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kupata nafasi.

Umeuliza mambo mawili: moja linahusu mfuko wa serikali, jingine mfuko wako. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukanisoma hadi chini ukidhani nakwepa. Siungi mkono kila mwenye masta aongezewe mshahara kwa kuwa tu ana masta. Naunga mkono, tena kwa nguvu, kumlipa zaidi mwalimu aliyekwenda kulisoma zaidi somo lake kisha akarudi kulifundisha. Kwa kipimo hicho masta yako ya uongozi na mipango haimo. Nitakueleza kwa nini, halafu tupige hesabu.

Kwanza tutenganishe masta na ngazi zilizo chini yake, maana kwenye vikao vya walimu mambo haya huchanganywa. Mshahara wa mwalimu wa serikali Tanzania Bara tayari unafuata elimu: wa cheti anaanzia ngazi ya mshahara iitwayo TGTS B, wa diploma TGTS C, wa digrii TGTS D. Mwalimu wa cheti aliyepewa ruhusa akaenda kusoma diploma au digrii, akahitimu, akapeleka vyeti halmashauri, halafu akakaa analipwa ngazi ya zamani huku akisubiri kubadilishiwa muundo, huyo anadai. Mwajiri alimruhusu akijua safari inaishia kwenye ngazi mpya. Hapo sioni mjadala wa kitaalamu, naona deni. Ukisikiliza vizuri kilio cha "tumesoma hatulipwi", sehemu kubwa ni hiki. Mjadala wenyewe unaanza pale mwalimu ana digrii yake, anaruhusiwa kufundisha hadi kidato cha sita, na sasa anaongeza cheti kingine juu.

Wenzako wana hoja yenye historia ndefu. Mwaka 1921 miji miwili ya Marekani, Denver na Des Moines, ilianza kutumia jedwali moja la mishahara ya walimu: kiwango cha elimu na miaka kazini, basi. Kabla ya hapo mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alilipwa chini ya mwalimu wa sekondari, na mabosi walikuwa na nafasi kubwa ya kuamua nani apate nini. Jedwali lilipunguza upendeleo huo. Cheti hakina mjomba wilayani. Ndiyo maana mwalimu akisikia "tutalipa kwa utendaji" anauliza haraka: atakayenipima ni nani? Nimekaa kwenye uthibiti ubora wa shule muda wa kutosha kujua kwamba anayeuliza hivyo si mvivu. Mkuu wa shule anajaza tathmini ya walimu wake. Mmoja walikosana kwa sababu ya zamu, mwingine wanasali kanisa moja. PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, imeihamisha fomu kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta, lakini watu wanaojaza ni walewale. Kwa hiyo anayetetea malipo kwa cheti ana hoja ya haki, na mimi naiheshimu kuliko hoja ya "tumehangaika kusoma".

Tatizo linakuja ukiuliza mtoto anapata nini. Marekani wameishi na jedwali hilo kwa muda mrefu, wana kumbukumbu za wanafunzi na walimu kwa mamilioni, na wamelichunguza swali hili kuliko yeyote. Steven Rivkin, Eric Hanushek na John Kain walifuatilia wanafunzi wa jimbo la Texas, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2005 hawakuona ushahidi kwamba mwalimu mwenye masta anafundisha vizuri kuliko asiye nayo. Uzoefu ulikuwa na maana, hasa miaka ya mwanzo kazini. Masta haikuwa nayo. Jimbo la North Carolina lilikuwa likitoa nyongeza ya asilimia 10 kwa masta. Mwaka 2013 bunge la jimbo likaifuta kwa wanaokuja, waliokwisha kuipata wakaachiwa. Walimu walikasirika, na mimi ningekasirika, kwa sababu fedha iliondolewa bila kitu kingine kuwekwa mahali pake.

Sasa shika jambo hili, ndilo lililonifanya nisiwe upande wa "masta haina maana". Dan Goldhaber na Dominic Brewer, miaka ya 1990, hawakuishia kuuliza "ana masta au hana?" Waliuliza masta ya nini. Kwa walimu wa hisabati wenye digrii za hisabati picha ilibadilika: wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi kuliko wa walimu wenye digrii za mambo mengine. Ukiwachanganya wote kapu moja, faida hiyo inapotea, kwa sababu walimu wengi husoma masta isiyohusu somo lao. Na huku kwetu? Waulize wenzako wanne watano walioko masomoni wanasoma nini. Utasikia uongozi, utawala, mipango, rasilimali watu. Siwalaumu. Wanasoma kinachoweza kuwatoa darasani, kwa sababu kwenye mfumo wetu hela na heshima zinaanza ukishatoka.

Niseme darasani inakuwaje, maana takwimu peke yake hazifundishi kipindi. Mtoto wa kidato cha kwanza ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Wewe umeliona kosa hilo mara ngapi? Mwalimu mmoja anapiga mkasi, anaandika njia ya KDS (kigawe kidogo cha shirika) pembeni, anahamia daftari linalofuata. Mtoto anainakili njia, kesho kwenye jaribio anarudia 2/5. Mwalimu mwingine anamwita.

"Una nusu kopo la dagaa. Nikikuongezea theluthi ya kopo, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?"

"Zaidi, mwalimu."

"Haya, 2/5 ni zaidi ya nusu?"

Mtoto anachora mstari, anaugawa mara tano, anahesabu viwili, anakuna kichwa. Ameongeza dagaa na kopo limepungua. Hapo ndipo KDS inapata kazi ya kufanya, kwa sababu mwenyewe ameona kwamba njia yake imevunjika. Mwalimu huyu wa pili anajua na jambo jingine: mtoto huyu anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa, moja juu moja chini, kila moja na maisha yake. Asiporekebishwa sasa, kidato cha tatu atamwandikia 1/x + 1/y = 2/(x+y), na watu watasema aljebra ni ngumu.

Ujuzi wa namna hiyo unasomewa. Kuna masta za ufundishaji wa hisabati na za hisabati yenyewe ambazo kazi yake ndiyo hii. Tena tunauhitaji: uchunguzi wa nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba walimu wengi hawaumudu vizuri hata mtaala wanaoufundisha shule za msingi, na kwamba mtoto alipata takriban saa mbili na dakika 50 za kufundishwa kwa siku, nusu na ushee kidogo tu ya muda uliopangwa. Masta ya mipango itakufundisha bajeti, ikama ya watumishi na uongozi wa watu. Ni vitu vyema, na ofisi za elimu zinavihitaji. Mtoto wa 2/5 havimfikii.

Kuna hoja nyingine ambayo sijaiona kwenye vitabu vya Marekani kwa sababu wao hawana visiwa vyetu vya Ukerewe. Wewe uko Misungwi. Ijumaa mchana unapanda gari, jioni uko mjini, Jumamosi asubuhi uko chuoni SAUT, Malimbe, au kituo cha Chuo Kikuu Huria, Jumapili usiku umerudi. Inachosha, lakini inawezekana. Sengerema nako, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kumekuwa karibu. Foleni ya kivuko si kisingizio tena. Sasa mfikirie mwalimu wa Hisabati aliyepangwa kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Avuke kwanza Bwisya hadi Bugolora, aende Nansio, apande meli ya saa tatu na zaidi hadi Mwanza, alale, asome, aanze kurudi. Wikiendi imekwisha njiani na nauli imemla. Serikali ikitangaza kesho nyongeza kwa kila mwenye masta, nani ataipata? Wa Nyamagana na Ilemela, mjini Mwanza, wataipata. Wa Magu na Misungwi wakijikaza wataipata. Wa Ukara atasikia redioni. Tutakuwa tumebuni posho ya kuishi karibu na mji, na kila mwalimu mwenye akili ataomba uhamisho aifuate. Visiwani, ambako hata sasa mwalimu wa sayansi akihama pengo lake linakaa wazi muda mrefu, patazidi kukauka. Hii kwangu ni hoja nzito kuliko utafiti wote wa Texas.

Najua utaniambia Finland. Kila nikizungumza na walimu, kabla chai haijafika mtu ameshaitaja. Ni kweli, tangu miaka ya 1970 mwalimu wa Finland lazima awe na masta. Lakini kule masta ni mlango wa kuingilia kazini; wote wanayo, hivyo haimtofautishi mwalimu na mwenzake siku ya mshahara. Na wanaoingia vyuo vya ualimu wamechujwa kutoka kwenye waombaji wengi sana. Tukitaka kuiga, tuanze na mchujo huo.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana funzo la karibu zaidi. Kenya walikuwa na utaratibu ambao mwalimu akirudi na digrii anapanda. Tume yao ya walimu ikaja na mwongozo mpya wa kupanda vyeo, ukaunganishwa na mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, ambao uliegemea zaidi kazi ya mwalimu na nafasi zilizopo. Chama cha walimu cha KNUT kilikataa, ugomvi ukafika mahakamani. Waliokuwa katikati ya masomo, ada wameshalipa, ndio walioumia. Ukibadilisha kanuni ya mshahara, mtu aliyeingia chuoni kwa kanuni ya zamani usimgeuzie kibao njiani.

Basi ungelipa nini, Mtaalamu? Ngoja kwanza niseme nisichotegemea. Kupandisha mshahara wa wote kwa mkupuo ni jambo la utu, na baada ya Julai 2025, kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotoka 370,000 hadi 500,000, mwalimu wa ngazi za chini angalau alipumua. Ila usitarajie matokeo ya mtihani yafuate. Indonesia, kwa sheria ya mwaka 2005, walimu waliothibitishwa walipewa posho inayolingana na mshahara wao wa msingi, yaani kipato kikawa mara mbili. Watafiti walipopima, walimu walikuwa na furaha zaidi, madeni yalipungua, kazi za pembeni zilipungua. Wanafunzi wao hawakujifunza zaidi ya wengine. Na hapa Tanzania, jaribio la KiuFunza lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 lilionyesha kwamba ruzuku ya shule peke yake haikuinua matokeo, na bonasi ya mwalimu peke yake ilileta matokeo ya kusitasita; vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi. Hela ya mwalimu na vifaa vya darasani vinahitajiana.

Kwa hiyo mimi ningepewa fedha leo, shilingi ya kwanza ningeipeleka visiwani na vijijini mbali na barabara. Gambia, mwaka 2006, walianza kuwalipa walimu wa shule zilizo zaidi ya kilometa 3 kutoka barabara kuu nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi, na uwiano wa walimu wenye sifa katika shule hizo ukapanda kwa takriban pointi 10 za asilimia. Hakuna masta ya kuleta matokeo kama hayo Ukara. Shilingi ya pili ndiyo ya masta, na ningeitoa kama posho yenye masharti: umesoma somo unalofundisha, somo lenyewe lina uhaba, na bado una mzigo wako wa vipindi. Ukihamia ofisini posho inabaki darasani, maana ofisi ina mshahara wake na posho yake ya madaraka. Mwalimu mzuri wa Hisabati leo akitaka kuongeza kipato inabidi aache Hisabati. Huo ni mpango wa ajabu, na posho ya masta kwa wote itauongezea mafuta.

Na wa Ukara asome vipi? Apelekewe chuo. Moduli za likizo za Juni na Desemba, mwezi mzima, chuo cha ualimu kama Butimba kina mabweni. Lakini nisijibu swali ambalo hukuuliza.

Tuje kwenye mfuko wako. Tuseme masta itakugharimu milioni 6 kwa yote: ada, nauli, malazi, kuchapa tasnifu. Tuseme pia, kwa bahati, mwajiri anakuongezea 100,000 kwa mwezi. Hiyo laki moja haikufikii nzima. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, bima ya afya ya NHIF 3, chama cha walimu CWT 2. Kama bado unarejesha mkopo wa digrii, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15. Kodi, ikiwa nyongeza inaangukia kwenye sehemu ya mshahara iliyo kati ya 760,000 na 1,000,000, ni asilimia 25 ya kinachobaki baada ya pensheni, yaani 23,750. Jumlisha makato: 48,750. Mkononi unashika 51,250. Gawanya milioni 6 kwa hiyo: miezi 117. Miaka tisa na miezi tisa kurudisha hela yako, na hapo hujalipa riba hata senti. Ukikopa benki ni zaidi. Ukikopa kwa wale wa kausha damu, usiniandikie tena, nitalia.

Ukimaliza deni la Bodi kabla, hesabu inapendeza kidogo: mkononi 66,250, miezi 91. Na kama nyongeza yenyewe haipo, kama mume wako anavyodai, gawio ni kwa sifuri, na wewe ni mwalimu wa Hisabati.

Kwa hiyo jibu langu linategemea unakwenda wapi. Kama ndoto yako ni kuwa mkuu wa shule, afisa elimu kata au kwenda mbali zaidi kwenye utawala, masta hiyo inakufaa. Lipa ukijua unanunua nafasi ya kushindania cheo, na cheo chaweza kisije. Mwambie mumeo hivyohivyo, bila kumwahidi mshahara. Kama unapenda kufundisha na unataka tu kipato kipande, usiichukue hii. Ahirisha mwaka mmoja, maliza deni la Bodi kama limebaki kidogo, kisha tafuta masta ya hisabati au ya ufundishaji wake. Hata isipolipwa na serikali, shule binafsi na vyuo vya ualimu hutafuta watu wa namna hiyo.

Vyovyote utakavyoamua, kabla ya kulipa ada nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri yako. Muulize mambo matatu kwa barua, kupitia kwa mkuu wako wa shule: kozi hii inatambulika kwenye muundo wa utumishi wa kada yangu? Nikihitimu, ngazi yangu inabadilika au haibadiliki, na kwa waraka upi? Ruhusa ya kusoma wikiendi inatolewa na nani? Swali la tatu usilidharau. Mtu anayesoma bila ruhusa ya mwajiri, hata kama hakukosa kipindi hata kimoja, anakuja kukwama siku ya kupeleka cheti.

Atakujibu kwa mdomo, "Soma tu mwalimu, elimu haiozi." Msalimie, mshukuru, na umwombe aiandike kwenye barua yenye muhuri na namba ya waraka. Akisita kuuandika, ada yako iache benki.